Mchezo wa simu ulionifunza kutambua wizi wa pesa

Kwenye mkutano wetu uliopita nilisema kwamba mambo ya pesa niliyafahamu zaidi kwenye mchezo wa simu kuliko mu oditwari, watu wakacheka. Mmoja akaniambia: basi andika, utueleze. Ndiyo haya. Mi si mtaalamu wa benki wala wa kompyuta. Niko na lisansi ya uchumi na ushomeri wa miaka miwili, kama wengi wenu, na niko na yaya yangu ambaye alipoteza franga mwaka jana mbele ya macho yangu. Ndiyo sababu ninaandika.

Nianze na mchezo. Mwishoni mwa 2018, nikiwa G2, mchezo wa Old School RuneScape ulitoka kwa simu. Zamani ulikuwa wa kompyuta tu. Unatengenezwa na kampuni ya Jagex ya Uingereza, na mizizi yake ni ya 2001. Haukuli mega nyingi, ndiyo maana tuliupenda mu kota: unakata miti, unavua samaki, unachimba chuma, halafu unapeleka sokoni kuuza. Soko lake kubwa liko kwenye mji wa Varrock, linaitwa Grand Exchange. Wachezaji wa dunia nzima wanakutana pale, na bei inapanda na kushuka kwa kuwa watu wa kweli wananunua na watu wa kweli wanauza. Ni kama Kadutu siku ya Jumamosi, ila hakuna matope.

Nilifanya miezi kama mine nikivua samaki usiku, umeme ukiwepo, hadi nikafikisha vipande milioni mbili na kidogo vya dhahabu. Siku moja nakuta pale sokoni jamaa mmoja amesimama anaandika tena na tena: anazidisha pesa ya watu mara mbili. Ukimpa kumi anakupa makumi mbili. Pembeni yake watu watatu wanashuhudia: "Kweli, amenilipa", "Mi nimepata sasa hivi", "Asante mkubwa". Nikajisemea nijaribu na kidogo. Nikampa 10,000, akanirudishia 20,000. Nikampa 50,000, akanirudishia 100,000. Moyo ukaanza kupiga. Nikampa milioni mbili. Akatoweka, na wale mashahidi watatu nao wakatoweka kwa wakati ule ule.

Nilikaa naangalia simu kama mtu aliyefiwa. Tena ile dhahabu, ukiihesabu kwa pesa halisi, ni dola chache tu. Lakini kesho yake, mu kozi, nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo sijaisahau. Yule jamaa alitumia 60,000 yake mwenyewe: 10,000 mara ya kwanza na 50,000 mara ya pili. Kwa hiyo 60,000 akanunua milioni mbili. Ile faida niliyoshangilia ilikuwa gharama yake ya biashara, kama vile muuza sabuni anavyogawa vipande vidogo bure ili uzoee harufu.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Mtu akikuonyesha plateforme mpya, anakuambia: "Banalipaka kweli, mi nimetoa mara mbili tayari." Na hasemi bongo! Amelipwa kweli. Ila kulipwa kidogo mwanzoni hakuonyeshi kwamba biashara ni ya kweli, juu mwizi naye analipa kidogo mwanzoni. Ndiyo njia yake. Kitu ambacho mwizi na mwaminifu wanakifanya sawasawa hakiwezi kukusaidia kuwatofautisha. Inabidi utafute kile ambacho mwaminifu anaweza kufanya na mwizi hawezi: kukurudishia yote, siku unayotaka, bila kukuomba kitu kingine kwanza.

Kuna mtego mwingine wa pale Varrock. Mu RuneScape kuna mavazi ya chuma ya vita, na mengine yamepambwa dhahabu kwenye pindo, yana bei kubwa sana. Anakuja mtu: "Nipe vazi lako, nitakupambia bure, nataka kuongeza ujuzi wangu tu." Kazi hiyo haipo kabisa kwenye mchezo. Hakuna mchezaji anayeweza kupamba vazi la mwenzake. Wanaoibiwa ni wale ambao hawajui mchezo unavyotembea, wanaona aibu kuuliza.

Fikiri sasa mtu anayekuambia kompyuta yake inafanya biashara ya sarafu za kigeni na kuleta asilimia tatu kila siku. Swali la kwanza si kama mtu huyo ni mzuri. Swali ni: kazi hiyo ipo? Tulisoma riba limbikizi, sivyo? Asilimia tatu kwa siku, ukiacha faida ikae humo ndani, dola 100 baada ya siku 365 zinapita dola milioni nne na laki nane. Mwenye mashine kama ile angekopa dola 100 kwa shemeji yake, afunge mlango, na baada ya miaka miwili awe tajiri kuliko Leta. Hangekuwa na haja ya dola 50 za mama muuza vitenge. Kama anazitaka kwa nguvu, basi hizo 50 ndizo mashine yenyewe.

Tukitoka RuneScape, kuna mchezo mwingine ambao mi sikuucheza, unataka kompyuta nzuri, lakini nimesoma sana habari zake: EVE Online, wa kampuni ya CCP ya Iceland, ulioanza 2003. Humo watu wanaendesha vyombo vya angani, na pesa yao inaitwa ISK. Sheria yake inashangaza: kudanganya mchezaji mwenzako ndani ya mchezo hakukatazwi. Kwa hiyo uchumi wake umekuwa kama laboratwari ya wizi. Mnamo 2007 kampuni iliajiri hata mchumi wa kweli, Eyjólfur Guðmundsson, achunguze soko la ule ulimwengu.

Wachezaji wa EVE walijifungulia benki yao wenyewe, EBANK. Wenzao wakaweka akiba. Mwaka 2009 kiongozi wake, anayejulikana kwa jina la mchezo Ricdic, alichota ISK bilioni 200 akaziuza nje ya mchezo kwa pesa halisi, kama dola 6,300 za Australia. Alieleza sababu mwenyewe: malipo ya mwanzo ya nyumba na gharama za hospitali za mtoto wake. Habari ilipotoka, watu wakakimbilia kutoa akiba zao. CCP ilimfungia akaunti, lakini si kwa sababu ya wizi! Ni kwa sababu aliuza pesa ya mchezo kwa pesa halisi, kitu ambacho ndicho kilichokatazwa.

Ile habari ninaipenda kuliko zote juu haina shetani ndani. Jamaa hakuanza akiwa mwizi, walimpa ufunguo kwa kumwamini, na alikuwa mwaminifu mpaka siku ile mtoto alipougua. Sisi huku tunapenda kuuliza: "Huyu mtu ni wa wapi? Anasali wapi? Ni mtoto wa nani?" Ni maswali mazuri, ila hayatoshi. Uliza pia: ni nini kinachomzuia? Nani mwingine anaona hesabu? Anaweza kutoa pesa peke yake, usiku, bila sahihi ya pili?

Angalieni likelemba ya mama zetu. Kumi wanachanga, mmoja anabeba, mwezi ujao mwingine. Pesa hailali kwa mtu hata siku mbili. Kila mmoja anajua nani amekula na nani bado. Na hakuna anayeahidiwa faida: unaweka 60 mara kumi, unabeba 600 mara moja, basi. Likelemba inaweza kuvunjika, mtu akishabeba anaweza kukimbia, tumeyaona. Lakini hasara yako unaijua mapema na mwizi unamjua nyumbani kwake. Mtu akikuletea kitu anakiita "likelemba ya intaneti" ambayo inaleta faida, ujue amekwisha kuchukua jina tu na kuacha vilivyobaki.

Mwaka 2011 ndani ya EVE hiyo hiyo wachezaji wawili walianzisha kitu kinaitwa Phaser Inc. Waliahidi asilimia tano kwa wiki. Walilipa wiki kwa wiki, miezi inapita, kila mtu anafurahi, wanaleta marafiki. Mwishoni wakafunga duka na kubaki na zaidi ya ISK trilioni moja, wakatangaza wenyewe kwamba ilikuwa wizi. Fikirini: mchezo ambao kila mtu anajua kwamba wizi umeruhusiwa, ambao wachezaji wenyewe wanajisifu kwamba hawadanganyiki, na bado maelfu waliweka pesa. Kwa hiyo msimcheke mama wa Bagira ambaye hajawahi kusikia jambo hilo.

Na wazee wetu je? Baba mdogo wangu alikuwa Kinshasa mwaka 1991, nchi ingali Zaire. Anasema bei ya unga ilikuwa inapanda asubuhi na jioni, mshahara hauna maana tena, ndipo watu wakapeleka pesa zao kwa Bindo Promotion na kwa wengine waliofanana nayo. Waliopanga foleni mwanzoni walipata kweli, wakarudi na nyingi zaidi. Mwaka ule ule ikaanguka. Yeye aliuza friji na redio. Nilipomweleza juu ya yule jamaa wa Varrock alinyamaza kwanza, halafu akauliza: "Na pembeni yake kulikuwa watu wanaoshuhudia?" Nikamjibu ndiyo, watatu. Akasema: "Sisi tulikuwa mtaa muzima."

Hesabu ya Bindo ni fupi. Tuseme umekusanya dola 1,000 na umeahidi kuzizidisha mara mbili kwa mwezi. Mwezi wa kwanza uko na deni la 2,000. Wote wakiacha pesa ndani, mwezi wa pili 4,000, wa tatu 8,000. Mwezi wa kumi deni limepita milioni moja. Mwenye biashara hana kiwanda wala mgodi, ana wanachama wapya tu, na Bukavu nzima haina watu wa kutosha kumjaza. Kwa hiyo siku ya kufunga iko ndani ya ahadi yenyewe tangu mwanzo. Yeye anachagua tarehe tu.

Sasa niseme kitu ambacho si wizi moja kwa moja, juu wengi wenu mumenitumia ujumbe mukiuliza juu ya michezo inayolipa. Axie Infinity, mchezo wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, mwaka 2021 ulilisha familia nyingi Ufilipino. Ili uanze, ulinunua wanyama watatu wa mchezo, na wakati ule walifika mamia ya dola. Wasio na uwezo waliazimwa wanyama na kugawana mapato na mwenye mali. Ulilipwa kwa sarafu inayoitwa SLP. Julai 2021 sarafu moja ilipita senti 30 za Marekani, na mwaka uliofuata ikashuka chini ya senti moja. Hakukuwa na mtu aliyekimbia na sanduku. Ila jiulize ile pesa ilitoka wapi: sehemu kubwa ilitoka kwa wachezaji wapya wanaonunua wanyama ili nao waanze. Wapya walipopungua, mshahara ukaisha. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na hesabu yake ikaanguka kama ya mwizi.

Na mwezi wa Machi 2022 walivunja mtandao wa Ronin, ambao mchezo huo unautumia, wakaiba mali ya zaidi ya dola milioni 600. Polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Kilichonigusa ni taarifa iliyotoka Julai ya mwaka ule: kwamba mlango ulikuwa ofa ya kazi. Injinia mmoja wa kampuni alipata kazi nzuri ya uongo, akafanyishwa interviyu, akatumiwa hati ya ofa, akaifungua kwenye kompyuta yake. Injinia, wandugu! Mtu wa ile kazi yenyewe. Basi sisi tulio na CV kwenye kila shirika la mji huu, mtu akitutumia barua yenye logo na kuomba dola 35 za "fre ya dosye", tukumbuke kwamba njaa ya kazi inafungua milango ambayo akili imefunga. Mwajiri ndiye anayelipa. Mfanyakazi anayelipa ili ajiriwe ni yule mwenye vazi la kupambwa.

Turudi kidogo Varrock, kuna kitu kimoja cha mikono ninachotaka mukichukue. Mu RuneScape ukibadilishana mali na mtu, dirisha linatokea: vyako huku, vyake kule. Zamani wezi walikuwa wanaweka kitu cha bei, halafu haraka haraka wanakitoa na kuweka kingine kinachofanana nacho, unabonyeza kabla hujaona. Ndiyo maana kuna dirisha la pili, linalokuonyesha tena kwa maandishi nini unatoa na nini unapata. Wanaoibiwa siku hizi pale ni wale wanaobonyeza dirisha la pili bila kusoma, juu mwenzao anawaharakisha: "Fanya mbio, niko na watu wengine."

Simu yako nayo iko na dirisha la pili. Kabla ya kuweka namba ya siri, inakuonyesha unatuma kiasi gani na kwa namba gani. Soma. Na yule anayekupigia simu eti ametuma franga kwako kwa makosa, akulilie umrudishie, huku mesaji imeingia kweli: mesaji si pesa. Kila mtu anaweza kuandika mesaji. Toka kwenye mesaji, angalia salio lako mwenyewe. Akikuharakisha, ujue hataki ufike kwenye dirisha la pili.

Sasa yaya yangu.

Anauza vitenge Kadutu. Mwaka jana zamu yake ya likelemba ilikuwa inakaribia, dola 600, na alikuwa amepanga kuzirudisha kwenye mali, aende mwenyewe kununua mzigo. Rafiki yake wa sokoni akamwingiza kwenye plateforme moja, sitaitaja. Aliweka 50. Kila siku asubuhi anaona namba inaongezeka. Akatoa 10, zikafika kwa simu. Akatoa 10 tena, zikafika. Jioni moja ananiambia, anacheka, kwamba ile 600 ikitoka tu, anaiweka yote.

Nilifanya kosa hapo, na ninawaambia ili musilifanye. Nilianza kumweleza kwa kelele: ni wezi, ni wajinga tu wanaoweka. Akaniangalia.

"Weye ulisoma," akasema. "Lakini mu hii nyumba franga ya chakula inatokaka wapi? Mi nimelipwa mara mbili. Weye nani amekulipa?"

Sikuwa na jibu. Ukimwambia mtu kwamba ameibiwa, anasikia kwamba ni mjinga, na atamtetea mwizi ili ajitetee. Nilingoja siku mbili, nikarudi pole pole, nikamwelezea habari ya samaki wangu na milioni mbili, namna nilivyolia kwa dhahabu isiyokuwepo. Alicheka. Ndipo nikamwomba kitu kimoja: "Yaya, kabla ya kuweka 600, toa kwanza yote iliyo ndani. Usiache hata moja. Ikifika kwa simu, mi nitanyamaza."

Ndani kulikuwa kama 90 kwenye kioo. Akaomba zote. Ajenti akamjibu vizuri sana, kwa sauti ya heshima, "mama yangu mpenzi": kutoa yote kunafunga akaunti, na ili kuifunga lazima alipe kwanza asilimia 20 kama taksi. Kwa nini wasikate kwenye ile 90? Mfumo haukubali. Yaya aliniangalia, sikusema kitu. Nilidhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Likelemba ilipotoka, aliweka 200 kwa siri. Rafiki yake alimwambia kwamba wenye pesa nyingi ndani wanaondolewa ile taksi. Wiki tatu baadaye kundi la WhatsApp lilifungwa asubuhi, wasemaji wake wote wakatoweka pamoja, na plateforme ikabaki ukurasa mweupe. Aliniambia baada ya mwezi mzima, usiku, umeme ukiwa umekatika, nadhani alichagua giza.

Alikwenda kununua mzigo na 400. Mashart ya likelemba hayangoji: kila mwezi anaweka 60 zake, bado anazidaiwa mara tatu. Yule rafiki yake hamsemeshi, ingawa mi naona naye aliibiwa vile vile, tena zaidi. Juzi yaya amenitumia picha ya tangazo jingine, kuku wa nyama, unanunua kifaranga kwa simu, wao wanakulisha na kukuuzia. Chini yake ameandika: "Hii nayo ni ya Varrock?" Nikamwandikia aulize shamba liko kijiji gani, twende wote Jumapili tukaone kuku. Mpaka sasa ninapoandika, hawajamjibu.